Kamba Wekundu na Mpaka wa Baba

Giteranyi, 5 Februari 2023

Mdogo wangu Leonardi,

Salamu nyingi. Sisi huku tupo, mvua inanyesha na mpunga umeshashika. Usishangae kupata barua wakati simu unayo mfukoni. Kwenye simu kila nikitaja shamba unaniambia mtandao unakatika, na nimegundua mtandao huohuo haukatiki ukiniuliza habari za kamba wako wa mtoni unaowafanyia utafiti. Barua haikatiki. Hii naipeleka Muyinga dukani kwa Sheliza Kassam, na lori lao likienda Gitega kuchukua bidhaa itakufikia.

Nianze na kamba, maana najua ndio utakaowasoma kwanza. Nimefanya ulivyoniagiza. Nimewatega chini ya daraja kwa kile kikapu cha matete, nikawapaka doa mgongoni kwa rangi nyeupe ya kucha niliyopewa na Sheliza, nikawarudisha majini. Wiki iliyofuata, baada ya mvua kubwa, mmoja mwenye doa nilimkuta juu kabisa karibu na shule, kwenye njia ya watu, mbali na maji. Alikuwa anatembea ameinua magando yake kama askari wa doria. Nilipomzibia njia kwa jembe hakurudi alikotoka. Alisubiri nitoe jembe, akaendelea.

Watu hapa wameshawapa jina. Wanawaita rapatriye, jina tunaloitwa wakimbizi tuliorudi, kwa sababu walitokea upande wa mto Akagera kama sisi, na kwa sababu hakuna aliyewaalika. Mzee Fredi alilitamka mbele yangu akacheka, kisha akaniangalia aone kama nami nitacheka. Nilicheka. Tuna miaka kumi na tano tangu tutoke kambini Ngara, na bado nacheka mtu akinitukana.

Sasa jambo lenyewe. Fredi ameanza kusema kwamba hajui shamba lake linaishia wapi na letu linaanzia wapi. Unamjua. Alilima ardhi yetu yote wakati wa ukimbizi, na marehemu baba aliporudi alimrudishia, ila roho yake haikurudisha. Amepeleka neno kwa bashingantahe, na wazee hao wa baraza la kilima wamesema baada ya Pasaka watakuja kukanyaga mpaka. Mrithi anatangulia, wao wanafuata nyuma kimya, na pale mguu wake unapopita ndipo mpaka ulipo. Mrithi ni wewe. Utaniambia sheria siku hizi inamtambua na mwanamke. Sheria iko Gitega, mpaka uko hapa. Baba alipoukanyaga mwaka tuliorudi alikushika mkono wewe. Mimi nilikuwa nyuma nimebeba jerikani la maji.

Ni siku moja tu, Leonardi. Ukitoka Gitega asubuhi kupitia Karuzi, mchana uko Muyinga, na moto, hizi pikipiki za kukodi, inakufikisha hadi mlangoni. Yale majaruba ya chini ndiyo yanayotulisha mimi na watoto. Huku juu panaota mihogo na mawe.

Ni mimi dada yako,
Gaudensia


Gitega, 20 Februari 2023

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imefika, na taarifa ya yule kamba wa shuleni imenifurahisha kiasi kwamba nilimsomea mkuu wangu wa ofisi kipande kile. Ninakuomba kitu kimoja tu. Kwenye bahasha andika jina langu peke yake. Najua "Mtoto wa Ngara" uliandika kwa utani, lakini hapa barua hupita mikononi mwa watu, na si lazima kila mtu ajue mtu alizaliwa wapi.

Acha nikueleze kwa nini kamba wako ni muhimu. Nina mabeseni mawili hapa ofisini. La kwanza lina kamba wa ziwa Rweru, ambako wameishi muda mrefu. La pili lina wale ulionitumia wewe kutoka darajani, ambako ndiyo kwanza wanafika. Jioni nalowesha sakafu na kuwatoa wote. Wale wa beseni la kwanza wanazunguka kidogo, wananusanusa, kisha wanarudi majini. Wale wako wanakwenda moja kwa moja mpaka wagonge ukuta, na hata hapo wanaufuata ukuta.

Ni kamba wa aina moja, dada. Kilichowatenganisha ni safari. Katika kila kizazi, wenye miguu mizito hubaki nyuma na wepesi hutangulia, na huko mbele wepesi hukutana na wepesi wenzao wakazaliana. Watoto wao wanakuwa wepesi zaidi ya wazazi. Hivyo mnyama anayevamia nchi mpya anabadilika akiwa njiani, na kila anapofika mbali ndivyo anavyozidi kushindwa kutulia. Wana gharama yake pia. Wale wa mbele wanataga mayai machache, na wengi nimewakuta na miguu iliyovunjika.

Kuhusu shamba, nitakuja, usiwe na wasiwasi. Ila sikiliza ushauri wa mtu anayewajua wanyama hawa. Wanachimba matuta. Tuta likishajaa mashimo halishiki maji, na likibomoka mto unajitafutia njia yake. Wakifika kwenye majaruba yetu usipigane nao. Uza mapema, kabla wanunuzi hawajajua. Ukiona hata mmoja, niambie, nami nitakutafutia mnunuzi.

Wasalimie watoto.
Leonardi


Giteranyi, 14 Machi 2023

Mdogo wangu,

Tupo salama. Kamba hawajafika kwetu. Wako bado kule chini ya daraja, na unaweza kuandika hivyo kwenye karatasi zako.

Samahani kwa mwandiko. Mikono imepasuka kwa tope na kalamu inateleza. Mvua ya mwezi huu haina adabu, na nimekuwa bondeni kutwa nikitengeneza hiki na kile. Sheliza amenipa magunia matupu. Akikuambia habari ya magunia, ni ya kuanikia tu.

Nimeifikiria sana ile habari ya mabeseni mawili. Unaisimulia kama mtu anayesimulia habari njema. Mimi niliposoma nilimwona mama siku ile tunavuka, mimi nikiwa na miaka minane na wewe uko tumboni mwake. Miguu yake ilikuwa imevimba na hakuacha kutembea. Hakuwa mwepesi, Leonardi. Alikuwa anafukuzwa. Uwaulize na hao kamba wako kama kuna kitu nyuma yao.

Unasema niuze. Baba alikaa kambini miaka kumi na minne akituchorea lile shamba kwa kijiti kwenye vumbi: hapa mti wa mnyinya, hapa mfereji, hapa kijito cha Rwabiti, na ng'ambo ya kijito ni kwa Fredi. Mimi nilikuwa najua kona zake zote kabla sijaliona tena. Wewe ulikuwa unafuta mchoro kwa mguu ukikimbilia mpira. Alikuwa anacheka tu, anasema huyu ataujua akiukanyaga.

Tarehe imepangwa. Ni Jumamosi, 22 Aprili, saa tatu asubuhi. Mkuu wa kilima ameniambia mwenyewe: "Mama, muletee huyo kijana. Sisi hatuna shida, akikanyaga tu inaisha. Ila we peke yako, pole, haiwezekane." Njoo Ijumaa ulale hapa. Nitachinja yule jogoo anayekuudhi.

Kuna vitu nitakuonyesha ukifika. Haviandikiki.

Gaudensia


Gitega, 17 Aprili 2023

Dada yangu,

Usikasirike kabla ya kumaliza kusoma. Sitaweza kuja Jumamosi. Kuna semina Bujumbura juu ya wanyama wavamizi na mimi ndiye nitakayesoma ripoti. Siwezi kumwachia mtu mwingine. Mpaka wa mbele wa uvamizi nimeuchora kutokana na kazi yako, nikaonyesha kwamba wamesimama chini ya daraja la Rwabiti. Nimekushukuru kwenye ukurasa wa mwisho, ingawa bila jina, kwa utaratibu wa ofisi.

Lakini sijakuacha hivihivi. Nimefanya kitu bora kuliko kuja. Mimi nilipokanyaga mpaka nilikuwa mtoto, na nikisema kweli siku ile nakumbuka njaa tu. Ningetembea mbele ya wazee wale nikitafuta kwa macho, na Fredi angeniona. Kwa hiyo nimechora ramani. Nimechukua picha ya setilaiti, mpya kabisa, ya mwisho wa Machi, nikafuata maneno ya baba ambayo wewe mwenyewe umenikumbusha: mpaka ni kijito. Kijito kinaonekana vizuri mno. Nimekipiga mstari mwekundu kutoka mnyinya hadi darajani, nikaandika kwamba mimi, mrithi, naukubali mstari huu kuwa mpaka wa baba yangu, nikatia sahihi mbele ya mthibitishaji wa hati. Ina muhuri. Hakuna mzee wa kilima atakayebishana na muhuri.

Nimemtumia mkuu wa kilima moja kwa moja kwa basi, ili Fredi asipate kusema kwamba wewe umeigusa. Huna haja ya kufanya chochote. Kaa tu, usikilize wanavyoisoma.

Jogoo mwache aishi.
Leonardi


Muyinga, 25 Aprili 2023

Kwa Bwana Leonardi,

Salaam. Mimi si mtu wa kuandika barua, mimi naandika risiti. Lakini dada yako amekataa kukuandikia na amekataa simu, na mtu lazima akuambie.

Barua yako ilifika dukani Jumamosi wakati yeye ameshatoka kwake kwenda kwenye shamba. Mimi nilikuwa nimeenda kumsindikiza, kwa hiyo nayasema niliyoyaona.

Alikuwa amekaa upande wa juu, amevaa kitenge kizuri, anaangalia barabarani. Kila moto ikipita anasimama. Mkuu wa kilima akafungua karatasi yako, akaisoma kwa sauti, akawapa wazee waipitishe mikononi. Halafu wakatembea wakifuata ule mstari wako mwekundu. Wakafuata kijito. Leonardi, kijito hakiko pale kilipokuwa. Hujui? Kilihama mwezi wa tatu. Kamba walikuwa wameingia kwenye tuta lenu tangu Februari, wakalitoboa lote. Gaudensia alikuwa anaziba usiku na mchana kwa magunia yangu. Tuta likabomoka siku ya mvua kubwa, mto ukaacha njia yake ya zamani, ukapita katikati ya shamba lenu. Njia ya zamani ipo bado, imekauka, mtu yeyote anaiona.

Lakini karatasi yako inasema mpaka ni huu mto, na picha yako inaonyesha huu mto, na sahihi ni yako. Majaruba yote ya chini yamebaki upande wa Fredi, na mpunga wa Gaudensia ndani.

Gaudensia alisimama akaonyesha ile njia kavu. Akasema, "Mpaka ni hapa, baba alipita hapa, mimi nilikuwepo." Mzee mmoja akamwambia kwa upole, "Mama, sisi tunakusikia. Ila document iko claire, iko wazi. Mwenye kurisi amesema mwenyewe." Fredi hakusema uongo hata mmoja. Alisema tu, "Mi sikuomba. Mutoto yao ndiye amenipa." Na kweli alikuwa anashangaa kuliko wote.

Gaudensia hakulia. Alichukua ile rangi nyeupe ya kucha kutoka kwenye mfuko wake wa kitenge, akanirudishia, akasema asante.

Babu yangu alikuja Muyinga na cherehani, na hadi leo kuna watu wananiuliza nitarudi kwetu lini. Kwa hiyo dada yako namwelewa kuliko unavyofikiri. Wewe sikuelewi. Mkuu wa kilima anasema ukija mwenyewe kabla ya mavuno, ukaikana ile karatasi na kukanyaga ile njia kavu, wazee wataangalia upya. Nenda.

Sheliza Kassam


Gitega, 9 Mei 2023

Dada Gaudensia,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Nimepiga simu, hushiki.

Ulinidanganya. Sitaki kuanza hivyo lakini ndivyo ilivyo. Uliandika kwa mkono wako "kamba hawajafika kwetu". Ningejua kwamba wamefika nisingegusa ile picha, ningejua kwamba kijito kinaweza kuwa kimehama, mimi ndiye niliyekueleza jambo hilo. Na si shamba tu. Nilisimama mbele ya watu Bujumbura nikawaambia kamba wamesimama chini ya daraja, na kumbe walikuwa wameshapita nyumbani kwetu. Kama ripoti ile itakaguliwa, jina litakalochafuka ni langu.

Haya, nimesema. Sasa naomba radhi. Nilimpigia mkuu wa kilima. Amenijibu kama alivyosema Sheliza: niende mwenyewe, kabla ya mavuno. Anasema karatasi haiwezi kuikana karatasi, ni mguu tu.

Dada, nimepata buruse, ufadhili wa masomo. Ni Ubelgiji, miaka minne, juu ya kamba hawahawa na mwendo wao. Siku ile ya mpaka semina ilikuwa imeshakwisha. Nilikuwa kwenye mahojiano ya viza, na tarehe ile hawakubali kuibadilisha. Sikukuambia kwa sababu nilijua ungesema nini. Sasa pasipoti yangu iko ubalozini, napaswa kuwa karibu siku watakaponiita, na kabla ya hapo ofisi inataka nikabidhi kazi zote. Nimejaribu kupata hata siku mbili. Labda kama ningejaribu zaidi ningezipata, sijui. Kila nikifikiria kupanda basi la Muyinga najiona nimesimama mbele ya wale wazee, sijui nikanyage wapi, na wote wanajua kwamba sijui.

Nikirudi nitalishughulikia. Miaka minne si mingi. Fredi ni mzee. Wewe endelea na sehemu ya juu.

Nijibu, hata kwa kunitukana.
Mdogo wako,
Leonardi


Ngara, 18 Juni 2023

Leonardi,

Nakuandikia kwa anwani ya ofisi yako. Wao watajua uliko.

Nilikuficha kwamba kamba wamefika, na ningekuficha tena. Uliniandikia nikiona hata mmoja utanitafutia mnunuzi. Nilimwona wa kwanza siku ileile barua yako ilipofika, yuko kwenye tuta la baba amejichimbia nusu, mkia nje. Nilimkanyaga. Nikasema nitaziba, nitaziba mpaka Aprili. Tuta lilipobomoka nikasema bado Leonardi atakuja, ataona kwa macho yake njia ya zamani na njia mpya, na atatembea mimi nikiwa nyuma yake nikimnong'oneza pa kupita. Ndiyo maana nilikuambia uje Ijumaa. Tungeukanyaga usiku ule sisi wawili kwa tochi, mpaka ukae miguuni mwako, na asubuhi hakuna ambaye angejua kwamba hukuwa unajua. Nilikuwa nimeshaitafuta tochi.

Nilikungoja na mwezi wa tano. Nilikungoja mpaka watu wa Fredi walipoingia na mundu kwenye mpunga niliopanda mimi. Fredi aliniletea debe moja mlangoni, na sidhani alikuwa na nia mbaya. Nililipokea kwa sababu watoto wanakula.

Nina hasira na wewe, na sitaizungusha kwa maneno. Si kwa ajili ya ramani, mtu anakosea. Ni kwamba ulipewa nafasi ya kuirekebisha kwa miguu yako miwili, ukaangalia miguu yako, ukaona ina kazi nyingine.

Upande wa juu haulishi watu wanne. Nimemwachia Kasilda mwenye nyumba ya jirani alime mihogo ile. Shangazi Martha yuko huku Ngara bado, yeye hakurudi mwaka ule, na tulimcheka sana. Ana shamba la mahindi na anahitaji mikono. Kwa hiyo tumevuka tena. Tulitembea kwa miguu, njia ileile ya mama, ila safari hii mwenye miguu iliyovimba ni mimi. Walinzi wa mpakani hawakutuuliza sana. Watu wa huku wanatuita wakimbizi, watu wa kule walituita rapatriye, na watoto wananiuliza sisi hasa tunaitwa nani. Nimewaambia waseme majina yao.

Karibu na maji, upande wa huku, niliwaona kamba wako. Nilisimama nikawatazama. Wewe utakuwa unawaweka kwenye sakafu nzuri za Ulaya sasa, na wazungu wanaandika. Waambie na hili, kwa kuwa sasa nina mengi ya kukuambia na hakuna shamba la kukatisha mtandao.

Nilipotoka nyumbani nilijiapia kwamba sitageuka nyuma. Nilitaka niende moja kwa moja kama wale wa beseni lako la pili, kama wewe. Nilipofika pale shuleni niligeuka. Nilipofika darajani niligeuka tena, nikarudi mpaka kwenye ile njia kavu ya kijito, nikakaa pale na mizigo kichwani mpaka mtoto akaniita. Mimi ni mmoja wa wale wa beseni la kwanza, Leonardi, wanaozunguka na kurudi majini. Ila maji yenyewe ulishayagawa.

Gaudensia